Ile Volti Niliyoizidisha Mara Mbili

Ofisi ya Shule,
Handeni.
14 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Janeth,

Shikamoo. Hali yako huko Songea? Magoti bado yanakusumbua baridi ikizidi? Sisi hatujambo. Mama aliteremka kutoka Bungu kwenda Korogwe kupimwa macho, akarudi akijisifu kuwa anaona kuliko mimi.

Shangazi, nina jambo zito. Wewe uliyefundisha kemia miaka yote utanielewa.

Unamkumbuka Lomayani, niliyesoma naye kidato cha sita Korogwe? Alikuwa akinakili hesabu kwangu. Sasa amepangiwa shuleni kwetu, anafundisha kemia. Yeye ni Mwalimu. Mimi ni karani wa kuchapa mitihani. Hata wapishi humchotea maharage ya juu, yenye nazi. Nayaona yote hayo, Mungu anisamehe.

Mwezi uliopita alinipa mwongozo wa kusahihishia niuchape. Kulikuwa na swali la seli ya umeme ya shaba na fedha, jibu lake volti 0.46. Nikaona mlinganyo wa fedha umezidishwa mara mbili ili elektroni zilingane, lakini volti zake hakuzizidisha. Nilifurahi, Shangazi. Ningemuuliza, ila asubuhi ile alikuwa amenitania mbele ya walimu: "Karani, chapa kilichoandikwa, usiniongezee ushairi." Basi nikazizidisha mwenyewe, nikachapa 1.26, nikanyamaza, nikajiona nimemsitiri.

Lomayani akasafiri, Mwalimu Jacob akasahihisha kwa mwongozo ule. Nashilu, binti tuliyemtegemea kwa mashindano ya sayansi Korogwe, akakosa nafasi kwa alama mbili. Alikuja dirishani kwangu na karatasi yake, jibu lake la 0.46 limekatwa. "Kaka Semboja, nionyeshe nilipokosea."

Nilikokotoa mbele yake, nikakwama. Nikafungua daftari langu la zamani. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: mlinganyo huzidishwa, volti hubaki zilevile, kwa kuwa ni msukumo wa kila elektroni, si jumla yao.

Lomayani aliporudi nilimweleza yote. Alicheka. "Kumbe miaka ile nilikuwa nanakili makosa!" Kisha akasema Nashilu atarudishiwa alama zake, na kwamba yeye atamwambia mkuu wa shule kosa ni lake, maana mwalimu huonywa tu, karani wa mkataba hufukuzwa.

Amenizidi cheo, amenizidi kupendwa, sasa anataka anizidi na wema. Hilo simwachii. Leo saa nane, kabla hajaingia yeye, nitaingia mimi kwa mkuu niseme ni mkono wangu. Naogopa mno. Barua hii ikikufikia, huenda nimesharudi Bungu kulima. Ikiwa hivyo, tafadhali usimwambie mama. Niache nimweleze mwenyewe.

Nisalimie binamu Pendo na Bibi Maryamu. Mungu akutunze, akupe nguvu za magoti na siku nyingi.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Semboja