Risasi Bombani

Jumatatu, 3 Machi

Jirani wa chini kanisimamisha ngazini leo. Yule bibi mwenye mbwa asiyebweka. Kaniuliza kwetu tunakunywa maji gani. Nikasema ya bomba. Akashika shavu! Anasema mabomba ya jengo hili yamemzidi umri, na yeye mwenyewe maji yale hampi hata mbwa. Amepiga simu idara ya maji, watakuja kupima.

Nimefikisha ujumbe. Nilichosema ni hiki: Mama, jirani anasema mabomba ni makuukuu. Mama akajibu kuwa hata miguu yake ni mikuukuu, inasimama kazini kwa dobi kutwa nzima na bado inafanya kazi. Akawasha birika. Mama ana sheria moja tu: maji yasiyotokota hayafiki mdomoni. Kairithi kwa Bibi, mama yake, aliyekuwa akichemsha mpaka maji ya mvua.

Ya mbwa sikumwambia. Wala ya kushika shavu.

Mimi ndiye mkalimani wa nyumba hii. Baba na Mama lugha ya huku ugenini wanaijua kwa kijiko, mimi nasomeshwa kwayo. Tatizo ni kwamba naona haya. Hata kuagiza mkate dukani najizoeza kwanza njiani. Basi maneno ya watu yakipita kwangu yanakuwa kama sweta iliyooshwa kwa maji ya moto (Mama analeta habari za sweta hizo kila wiki). Inatoka ile ile, rangi ile ile, ila haimtoshi tena mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Baba kaja na maji ya chupa. Katoni nzima, begani, mpaka ghorofa ya nne. Kumbe neno la jirani lilimwingia.

Mama akamimina chupa kwenye birika. Yakaanza kutokota kabla hajawasha!

— Baba Bosi, haya maji yana pepo?

Yalikuwa maji ya gesi. Kama soda iliyosahauliwa sukari. Baba akasema yeye alisoma bei, tabia yake hakuisoma. Bosi akaonjeshwa kijiko kimoja, akapiga chafya, akatutazama mmoja mmoja kama anatafuta wa kumfukuza kazi. (Bosi ni mdogo wangu. Ana miezi saba. Hafanyi kazi, anapiga kelele, na sote tunamhudumia. Jina lilikuja lenyewe.)

Chai ya maji yale ilikuwa na povu na uchungu kidogo. Mama akasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, tukarudi bombani. Katoni iko chini ya kitanda changu. Nikigeuka inanguruma.

Ijumaa, 7 Machi

Kitu ambacho sijakiandika.

Mama huondoka alfajiri. Aliporudi kazini maziwa yalimkauka, kwa hiyo Bosi anakunywa ya kopo. Jioni anatengeneza Mama: birika, litokote, lipoe, ndipo unga. Asubuhi anatengeneza Baba. Baba anakuwa amelala kidogo tu, maana hotelini anaosha masufuria mpaka wateja wa mwisho waondoke. Birika letu ni zito kuamka, na yeye pia. Bosi analia. Basi Baba anafungua bomba la maji ya moto, anasubiri mvuke, anajaza chupa, unga, tikisa tikisa, kimya.

Nilimwona mara ya kwanza zamani kidogo. Akanikonyeza. Akasema haya yameshachemkia huko chini kwenye tangi, serikali imetuchemshia. Na tusimsumbue mama yako, atanihubiria mpaka wiki ijayo.

Nilicheka. Maji ya moto ni ya moto. Mimi mwenyewe niliona ni akili.

Jumanne, 11 Machi

Mpimaji wa maji kaja asubuhi kabla sijaenda shule, Mama kaomba kuchelewa kazini. Kijana mrefu, soksi zina matundu, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama akampenda papo hapo. Tuliagizwa tusifungue bomba usiku kucha, anataka maji yaliyolala kwenye mabomba. (Bosi alinyweshwa ya jana ya birika. Baba alinuna.)

Akakinga vichupa vyake. Kimoja akakiinua dirishani, akakigeuza geuza, akasema neno moja.

Mama: Anasemaje?

Nikasema: Anasema ni safi.

Mama: Na salama. Ashukuriwe Mungu.

Hapo ndipo. Neno alilosema lile ni la macho. Maana yake unaona mpaka upande wa pili, hayana mchanga, hayana kutu. Hakusema salama. Lakini kwa Kiswahili hayo mawili ni pacha, maji safi na salama, tangu redioni, tangu ukutani shuleni. Ukimtaja mmoja mwenzake anaingia mwenyewe na kukaa. Mama alimkaribisha wa pili, na mimi nikamwacha akae. Mpimaji alikuwa anafunga kamba za viatu. Kumrudisha kwa swali moja nikaona haya.

Mama akamfungia maandazi ya jana kwenye karatasi. Baba akanong'ona: si nilisema?

Ijumaa, 14 Machi

Leo ni ndefu.

Simu ya Mama imelia nimetoka shule. Mwanamke wa idara ya maji. Anataka mtu mzima, mtu mzima kanikabidhi mimi simu. Sauti yake haina haraka wala huruma, kama anasoma hali ya hewa. Akataja madini yaliyoonekana kwenye maji yetu. Jina nalijua! Tuliyasoma kemia muhula uliopita, nina alama nzuri. Ila kwa Kiswahili siyajui. Kiswahili changu cha shule kiliishia darasa la tano, na darasa la tano hatukufika kwenye metali.

Nikamwomba asubiri. Nikatafuta kamusi kwenye simu ya Baba. Neno moja tu. Nikalisoma kama lilivyo:

— Mama, maji yetu yana risasi.

Mama akamnyakua Bosi, akaruka mbali na dirisha. Akainama nyuma ya kochi. Baba akauliza nani kapiga.

Nimecheka kwa sekunde moja, mwanamke yuko hewani. Halafu nikaacha. Kwa sababu Mama alikuwa amemfunika Bosi kichwa kwa mikono yote miwili, na sikujua kama nimwambie asimame.

Nikaeleza: si ya bunduki. Ni madini. Ndiyo hiyo hiyo ila haipigwi, inayeyuka. Mabomba ya zamani yametengenezwa nayo, inatoka polepole. Haina rangi, haina harufu, haina ladha.

Baba: Basi heri ya bunduki, unaisikia.

Mama akasimama. Akasema basi tutachemsha mara mbili.

Nikamuuliza mwanamke. Akasema hapana. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, yenyewe inabaki. Mama akaniangalia kama nimetukana.

— Kuchemsha hakuui?

— Si mdudu, Mama. Haina uhai. Haifi.

Akaketi. Bibi, mvua, kuni, mabirika matatu tuliyounguza, zote zilipita usoni pake.

Mwanamke akaendelea. Mtoto mdogo asipewe kabisa maji haya. Apelekwe kliniki, apimwe damu. Kwa watoto wachanga inakaa mwilini, inagusa ubongo. Sisi wakubwa tutumie ya baridi tu, yamwagike kwanza mpaka yazidi kuwa baridi. Na ya bomba la moto tusiyaweke mdomoni kamwe, joto linaikwangua risasi na kushuka nayo. Ndiyo mabaya kuliko yote.

Nikatafsiri yote. Isipokuwa hilo la mwisho.

Baba alikuwa amesimama pale pale, taulo begani. Mama alikuwa anatazama mdomo wangu. Nikasema: basi, ndiyo hayo. Nikakata simu.

Jumamosi, 15 Machi

Tumeshuka mimi na Mama kwa msimamizi wa jengo. Tunamwita Funguo, anasikika kabla hajaonekana. Alikuwa anakula, hakusimama.

Mama: Mwambie hatukuvuka dunia nzima kuja kumlisha mwanangu mabomba yake.

Mimi: Mama anauliza mabomba yatabadilishwa lini.

Funguo akasema mwenye jengo anajua. Akasema nyinyi watu wa ghorofa ya nne kila siku mna jambo. Akasema yeye anakunywa maji haya miaka yote, tumtazame, ana nini?

Nikamwambia Mama: Anasema hata yeye anayanywa, tumwangalie.

Mama akamwangalia. Kuanzia upara mpaka kandambili. Akasema, taratibu kabisa:

— Namwona.

Nikacheka. Kwa sauti! Funguo akauliza mama yangu kasemaje. Nikasema anashukuru. Tulipopanda ngazi Mama akaniuliza kama nimemwambia ile ya kuvuka dunia. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 16 Machi

Baba kaenda dukani tena. Sasa ana mbinu: anatikisa kila chupa, ikitoa povu anairudisha. Muuzaji kamfuata mpaka mwisho wa duka. Jirani wa chini alinielekeza aina moja yenye picha ya mtoto, ndiyo nyepesi, haina chumvi nyingi. Baba kanunua hiyo. Zimepangwa ukutani jikoni kama askari. Mama anayachemsha maji yake hata hivyo, anasema mkono umezoea.

Bosi anakunywa, anajilamba, anakunja uso. Namtazama sana. Nampigia makofi upande wa kushoto, anageuka. Kulia, anageuka. Sijui natafuta nini.

Jioni Mama yuko bafuni, Baba kaja kuketi kitandani kwangu. Katoni ya gesi ikanguruma. Akasema kesho kliniki wataulizia maji. Tuseme tunachemsha. Si uongo, mama yako anachemsha. Huku watu wakisikia hivi na vile wanaandika, na kilichoandikwa hakifutiki. Mambo ya ndani ni ya ndani, binti yangu. Na wewe unajua kusema vizuri.

Halafu akauliza, anatazama mikono yake: yule mama wa simu, aligusia lolote la maji ya moto?

Nikasema ndiyo.

Akatikisa kichwa mara nyingi. Akaenda kuwasha birika. Hakuna aliyeomba chai.

Jumatatu, 17 Machi

Niko kliniki, benchi la korido. Naandika katikati ya daftari la jiografia, mpita njia adhani nasoma.

Nesi ni mfupi, anaongea mbio, kalamu imefungwa shingoni. Kapima kichwa cha Bosi, Bosi kaitafuna tepu. Maswali: anakula, analala, anakaa mwenyewe? Halafu: maziwa yake mnachanganya kwa maji gani, ya kuchemsha au ya bomba la moto? Kauliza hivyo hivyo, kama aliyewahi kusimama jikoni kwetu.

Nikauliza kwa Kiswahili. Mama akajibu sijamaliza:

— Mwambie ya birika. Yanatokota mpaka kifuniko kinacheza. Asubuhi na jioni.

Mama hakudanganya. Mama alisema anachokijua.

Baba akatazama viatu vyake. Akasema: Mwambie kama mama yako anavyosema.

Yalikuwa maneno mepesi. Tafsiri yangu bora tangu tufike, isingehitaji hata kupunguzwa. Nikafungua mdomo. Bosi alikuwa anamchekea nesi, tepu mdomoni, hana habari.

Nikasema: jioni ya birika. Asubuhi ya moto, moja kwa moja kutoka bombani. Kila asubuhi, tangu miezi mitatu. Na birika nalo ni la maji ya bomba lile lile.

Sauti ilitoka ya kawaida tu. Sikujizoeza.

Nesi hakupiga kelele. Akarudia neno moja: moto? Nikasema moto.

Lugha ya huku Baba ana maneno machache, lakini hilo analo. Limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya sinki la kazini kwake. Ndilo alilojifunza la kwanza, kwa kuungua. Nilimwona likimfikia.

Mama akanigeukia. Akasema:

— Leo mbona yako yamekuwa marefu kuliko yangu?

Nesi akamwashiria Mama ambebe Bosi, wakaingia chumba cha damu, mlango ukafungwa. Nasikia Bosi anafokea watu.

Baba amekaa mwisho wa benchi. Sasa kanyanyuka. Anaenda kwenye ile mashine ya maji karibu na lifti, anahangaika na vikombe vya karatasi, havitoki. Vimetoka. Anarudi navyo viwili, anatembea polepole asimwage.

Kaninyooshea kimoja. Nimenyoosha mkono. Halafu kakirudisha kwake.

— Hebu kawaulize kwanza haya yakoje. Uliza yote. Usiulize kama ni safi.

Mlango umefunguliwa. Mama ametoka na Bosi begani, pamba kidoleni. Anamwangalia Baba na vile vikombe. Ananiangalia mimi. Kaanza kuuliza, kaanza na mimi—