Barua Ambayo Wote Tulisema Tumeisoma

CHAMA CHA WAFANYAKAZI WA KIWANDA CHA UCHAPAJI
Kumbukumbu za kikao cha dharura, Ijumaa tarehe 16, saa 8:10 mchana, chumba cha kukatia karatasi

Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi mitambo), Mhakiki wa prufu, Mama Gundi (mfunga vitabu), Katibu (mpanga kurasa). Mwalikwa: Mwalimu wa Kiingereza wa masomo ya jioni.
Asiyehudhuria: Mweka Hazina. Alituma salamu kwamba anaumwa kichwa. Vichwa vinatuuma wote.

KUMB. NA. 1/9 – KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao bila utani, jambo ambalo si kawaida yake.

KUMB. NA. 2/9 – BARUA YA UONGOZI
Mwenyekiti alieleza kwamba barua ya Kiingereza, kurasa nne, ilizungushwa kwa wanachama tarehe 1. Ukurasa wa nne ulisema kazi ya kufunga vitabu kwa mkono inakoma, na chama kikitaka kupinga kipinge ndani ya siku kumi na nne. Siku hizo zilikwisha jana.

KUMB. NA. 3/9 – TIKI
Karatasi ya mzunguko iliyoambatana na barua ina visanduku vitatu vya kuonyesha mtu ameisomaje: 'skim', 'scan' na 'peruse'. Mwalimu alifafanua kwamba 'skim' ni kupitisha macho upate picha ya jumla. 'Scan' ni kuwinda kitu kimoja, kama jina au tarehe. 'Peruse' wengi hudhani ni kupitia juu juu, kumbe ni kusoma kwa makini mwanzo hadi mwisho.

Wote walikuwa wametia tiki kwenye 'peruse'. Mhakiki alisema ndiyo desturi, wa kwanza akitia pale wengine hufuata, na yeye alidhani ni ile ya juu juu. Mwalimu aliuliza kama basi ukurasa wa nne aliupitia hata huko juu juu. Mwenyekiti alishangaa mtu anayelipwa kwa kusoma kuishia njiani. Mhakiki alisema nyani haoni kundule. Mwenyekiti alikiri kuishia ukurasa wa kwanza.

Katibu alisema alitafuta jina lake tu. Hakuliona, akatia tiki.

KUMB. NA. 4/9 – MAELEZO YA MAMA GUNDI
Mama Gundi, asiyejua Kiingereza, alieleza kwamba siku ile alimpelekea Katibu barua akamwuliza, "Mwanangu, humu kuna langu?" Akajibiwa, "Hamna kitu, mama. Weka tiki tu." Akaweka. Alisema hana kinyongo, ila kwa miaka ishirini na miwili amefunga vitabu asivyoweza kuvisoma, na hajawahi kuruka ukurasa hata mmoja.

Mwenyekiti aliagiza maelezo hayo yasiandikwe. Katibu ameyaandika, kwa aibu yake mwenyewe.

Iliazimiwa barua ya kuomba huruma ipelekwe Jumatatu. Hakuna aliyeonyesha matumaini.

KUMB. NA. 5/9 – KUFUNGA
Mama Gundi alikataa kusaini mahudhurio hadi asomewe kumbukumbu hizi neno kwa neno. Katibu alisoma. Alipofika KUMB. NA. 4/9 alitaka kupitiliza hadi kwenye azimio. Mama Gundi alisema, "Soma, mwanangu. Usiruke."

Kikao kilifungwa saa 9:35.

Mwenyekiti: ………………… (amesoma zote)
Katibu: …………………