Seli ya Wakesho

Jumanne, Voi

Kumbe si seli ya polisi! Na mimi nimeshatangazia stendi nzima kwamba mjukuu wangu Mkamburi anakagua seli huko Nairobi. Nikaongeza chumvi, nikasema hata OCS, mkuu wa kituo, humpigia saluti.

Leo amekuja kumwona shangazi yake Wakesho, kitinda mimba wangu, ambaye sikoseli, ule ugonjwa wa damu, imemlaza tena, mifupa yote inamuuma. Nikamsifu Mkamburi kwa ile kazi ya seli. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Babu, ni seli za mwili! Hizi za damu."

"Seli ni seli, mke wangu. Mimi nimelala huko, nikawafundisha askari kuimba."

Akanieleza polepole. Mtoto akiwa tumboni ana damu nzuri, akishazaliwa kuna jeni inaizima. Sasa wao huko maabara wanazima jeni moja moja ndani ya seli, waone ni gani ikizimwa ile damu nzuri inarudi. Nikamwambia hiyo kazi naijua, lori yangu ikigoma nilikuwa nachomoa waya moja moja. Hata Wakesho akacheka kidogo.

Halafu akauliza, "Na mimi itanifikia?"

Mkamburi akaangalia chini. "Hata tukipata, Anti, mpaka iwe dawa ni miaka mingi."

Wakesho akanigeukia, anajua mimi sikosi hadithi. Nikamvutia blanketi mpaka mabegani.

Seli ya polisi, angalau mtu hutoka asubuhi.