Kikanyagio cha Pikipiki ya Shemeji

Kaka Patrisi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia, na mjomba bado ana nguvu za kugombana na majirani. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanitembeza nimejikunja.

Juzi kwenye simu nilikuomba utoe kile kikanyagio cha abiria nilichosubu kwa alumini ya kuyeyusha kwa ajili ya pikipiki ya shemeji kabla sijaondoka. Ukacheka, ukasema Uzungu umenipanda kichwani. Nilikasirika, kaka, sikufichi. Ndiyo maana nimempa Mtanzania mwenzangu anayerudi likizo barua hii, pamoja na kipande cha alumini. Kishike, ukitazame vizuri.

Kazini kwetu kuna mashine inayosukuma kipuri na kukiachia, kukisukuma na kukiachia, kwa uzito mdogo tu, mpaka kichoke. Nikamwomba msimamizi nisubu vipande viwili. Kimoja kwa utaratibu wao. Kingine kama mjomba alivyotufundisha pale Mwembesongo: unakoroga alumini iliyoyeyuka kwa kijiti kibichi, eti kikavu kitaungua. Nikavipiga msasa vyote. Cha kwetu kiling'aa zaidi, nikajisikia.

Tuliviweka kwenye mashine asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana, cha kwetu, hicho ulichoshika, kilikuwa kimekatika. Cha kwao, leo siku ya tatu, bado kizima. Msimamizi akanionyesha pale kilipokatika: vitundu tele, kama ndani ya andazi. Maji ya kile kijiti yanaacha gesi kwenye alumini, ikiganda inabaki na vitundu, na ufa unaanzia humo, unakua kidogo kidogo kila kinapokanyagwa. Nje huoni kitu. Sufuria tunazosubu hazina neno, hazikanyagwi. Akaniuliza, "Kipuri kama hiki kwenu mnakitumia wapi?" Jioni ile ile nikakupigia simu.

Kaka, dada yetu Skola anakanyaga hapo, nyuma ya mumewe, kila siku ya gulio, akishuka kutoka Mgeta na kabichi zake, mtoto mgongoni. Utasema kimebeba mwaka mzima bila tatizo. Huo mwaka mzima ndio ninaouogopa. Kitoe, ukipasue kwa nyundo, uone mwenyewe.

Msalimie shemeji, asinune, kipya nitanunua mimi. Mjomba usimwambie habari ya kijiti. Nitamwambia mwenyewe nikipata ujasiri. Ukishakitoa, nipigie, umpe Skola simu. Nataka kumsikia yeye mwenyewe.

Mdogo wako, niliyekisubu,
Remi