Sindano na sauti ya mama

Mujukuu wangu Chola,

Huku Katuba tuko wazima, kambo yako mwanamuke, muke wangu, anakusalimia. Uliuliza utanunua sindano gani juu tourne-disque yako, ile mashini ya santuri, itoe sauti ya muzuri. Nunua yenye haitakandamiza disque.

Kisha matanga ya mama yangu, kila siku ya mungu baba alikuwa anapiga disque ya korali, kwaya yenye mama alikuwa anaimba ndani. Pale sauti ya mama inaanza, sindano ilikuwa inaruka. Baba akaweka pièce ya franga, ile sarafu, juu ya mukono wa sindano, vile bantu bote balikuwa banafanya. Haikuruka tena. Lakini ule uzito ulikula disque, na sauti ya mama ikaisha polepole.

Ile disque niko nayo. Ukikuja, tutaiweka bila franga. Ikiruka pale, tutaimba sisi benyewe.

Kambo yako