Kurasa Nilizoruka

Jumatatu, 3 Machi

Mwandishi wa kitabu hiki hana adabu. Ananipa daktari mpole, msikivu kwa wagonjwa, nampenda kurasa mia moja na arobaini, halafu anamgonga na lori. Kama ulikuwa umechoka kuandika, baba, ungekwenda kulala. Si lazima uue watu.

Wifi yangu alilia mpaka akavunja sindano. Mimi sikulia. Anayesoma halii, atapoteza mstari.

Ndivyo tunavyoishi tangu mjukuu wangu aanze kutuletea vitabu vya maktaba ya chuo chake. Wifi yuko kwenye cherehani, mimi kwenye kiti cha wateja karibu na dirisha, nasoma kwa sauti. Tundu la sindano silioni tena, lakini herufi nazimudu kwa miwani. Darasa la nne ndiyo elimu yangu yote. Yeye hana hata la kwanza. Ni dada wa marehemu mume wangu. Yuko nyumbani kwangu miaka arobaini na moja. Watoto wangu wote amewabeba yeye mgongoni. Hakuolewa.

Hilo neno la mwisho nimeliandika haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Kitabu cha mpelelezi. Muuaji nilimjua ukurasa wa kumi na mbili — mvua inanyesha mji mzima, yeye pindo la suruali kavu. Fundi nguo yeyote angemkamata. Inspekta kazunguka kurasa mia mbili, na bado wanampigia saluti.

Wifi akasema mimi ningekuwa inspekta mji huu usingekuwa na mwizi hata mmoja, wangehama wote kwa kukaripiwa. Tukacheka.

Katikati kuna mvua ya kurasa sita. Niliziruka. Mvua naijua.

"Umeruka," akasema, mguu haujatoka kwenye pedali.

Nikamwuliza amejuaje, naye hajui hata a.

"Mtu alikuwa mkavu mlangoni, sasa anakamua shati. Hapo kipande kimekatwa, wifi. Mshono haukutani."

Nikamwambia ashone sare za watu, maneno ya vitabu aniachie mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Riwaya ya mama mkwe mkorofi. Bibi kizee mwenye mdomo kama mkasi, anamtumikisha mke wa mwanawe. Sikuipenda. Huyo bibi hakuulizwa hata mara moja kwa nini. Mwandishi kamsimamisha pale atukanwe tu na kila asomaye.

Mjukuu wangu akasema, "Bibi, mbona unamtetea sana?"

Nikamwambia amletee bibi yake heshima na vitabu vingine.

Jumapili, 6 Aprili

Tumemaliza kitabu cha karani wa posta. Mimi nimekimaliza. Yeye nimemmalizia.

Huyo karani anampenda mwanamke asiyempenda. Barua za mchumba wa huyo mwanamke anazificha kwenye droo. Niliona droo inafunguliwa. Nikaruka sura tatu nzima. Nikamwambia wifi mchumba alikufa kwa homa.

Sasa niandike. Daftari hili halisomwi na mtu.

Wifi alikuwa na mtu wake. Mwashi. Mikono mikubwa, maneno machache, alitujengea ukuta wa uani bila kutazama kamba, macho yote kwa wifi. Akaenda mbali kwenye kazi ya mabwawa. Akaandika barua. Wifi akaniletea mbio, mikono ina unga, akasema nisomee.

Mistari kumi na moja. Nilisoma mpaka wa nane. Salamu, kazi nyingi, baridi kali, amenunua koti. Wa tisa ulisema vyumba viwili nimemaliza kujenga, njoo kabla ya mvua. Wa kumi, kama hutaki usinieleze, nitumie salamu tupu, nitaelewa. Wa kumi na moja, jina lake.

Niliikunja pale pale. Nilikuwa na mimba ya tatu, wawili wananivuta sketi, mume safarini, sare sitini mezani. Nikajisemea nitamsomea zikikwisha hizi sare.

Akaniambia nimwandikie jibu. "Mwambie namngoja." Nikaandika: salamu zimefika, sote wazima. Nikamsomea: namngoja. Akaichekea barua, akaibusu. Mimi mwenyewe nikaipeleka posta.

Mwaka uliofuata tukasikia ameoa huko huko. Wifi alifua mapazia ya nyumba nzima.

Mpaka leo kukiwa na baridi husema, sijui lile koti lilimtosha mabegani.

Karani wa kitabu angalau alikuwa anapenda. Mimi nilikuwa nataka mtu wa kunishikia mtoto.

Alhamisi, 17 Aprili

Amegundua. Si barua, kitabu. Mteja mmoja, mwalimu, alikuja kupunguza gauni, akakiona mezani, akasema amekisoma, na ile droo ilimliza. Wifi akauliza droo gani.

Mteja alipoondoka akaniambia, bila hasira, "Umekifupisha kama suruali ya mtoto, wifi."

Nikasema kilikuwa kirefu.

"Ningechoka ningekuambia mwenyewe. Mimi nimechoka kula kilichotafunwa."

Kamwomba mjukuu wangu amfundishe kusoma. Na umri huu. Nikamwambia herufi zitamcheka. Akasema zicheke, yeye amechekwa na mengi.

Jumamosi, 3 Mei

Nilidhani atachoka wiki moja. Mtu aliyeunganisha vipande maisha yake yote — ba na ba anaziunganisha bila kutoka jasho. Kasoma "sabuni" kwenye boksi. Kasoma "imefungwa" kwenye mlango wa fundi viatu, akasimama pale kama aliyefunguliwa.

Leo kachukua kitabu cha daktari, kaanza mwenyewe ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari. Saa nzima, nusu ukurasa. Halafu akainua uso.

"Kumbe daktari alikuwa na mke wa kwanza?"

Niliruka. Sikumpenda yule mke, alikuwa mlalamishi.

"Wifi, wewe umetuwekea vitabu vyako mwenyewe humu ndani." Anacheka. Mjukuu naye anacheka. Nikainuka kwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Barua ya mwashi iko kwenye mkebe wa vifungo, chini kabisa, chini ya vile vya mfupa. Naijua ilipo kama anavyoijua yeye.

Jumapili, 11 Mei

Wifi alikwenda ibada. Nilibaki na mkebe.

Niliumwaga wote mezani, vifungo vikatambaa mpaka chini ya cherehani. Barua imekuwa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Kwenye mikunjo kaitia vipande vya bitana kwa gundi isipasuke. Kiraka kizuri, hakikufunika hata herufi moja. Alikuwa hajui herufi, na hakufunika hata moja.

Jiko lilikuwa linawaka. Nimeandika hivyo nijione vizuri.

Niliirudisha. Nikapiga magoti, mimi na magoti haya, nikaokota vifungo kimoja kimoja. Aliporudi nikafungua mdomo nimwambie. Kikatoka: kola ya yule mteja umeiweka kombo. Akaitazama kola. Ilikuwa imenyooka.

Usiku sikusoma. Riwaya zote hizo — nimemtukana mwandishi wa lile lori, nimemtukana inspekta, nimemtukana karani. Wote nilikuwa nawaambia, sema basi, kwa nini husemi, ukurasa unakwisha.

Jumanne, 13 Mei

Saa nne asubuhi. Niko chumbani, pazia limeshushwa. Yeye yuko kwenye cherehani lakini cherehani haivumi.

Nilisikia mkebe. Nilisikia vifungo vinasukumwa pembeni, taratibu, hakumwaga kama mimi.

Akaniita. "Wifi, njoo unione. Nimeanza na ile barua yangu."

Nikasema nakuja, natafuta miwani. Miwani iko usoni.

Anasoma kwa sauti. Salamu kazipita bila kukwama, anazijua kwa moyo, ila sasa anazigusa. "Ka-zi ni nyi-ngi." Mwandiko wa mwashi ulikuwa mkubwa, kila herufi imesimama kama tofali. Hautamsumbua.

"Ba-ri-di." Kapenga kamasi.

"Ko-ti. Wifi, koti lipo kweli!" Anacheka peke yake kama msichana. Alikuwa na shaka, kumbe. Miaka yote hii alikuwa na shaka hata ya koti, na hakuniambia.

Koti ni mstari wa saba. Wa nane ni salamu zangu mimi, ananiita shemeji, ananishukuru kwa kumtunza wifi.

"She-me-ji," anasema. "Ni wewe huyu."

Kasimama hapo. Nasikia kidole chake kinasugua karatasi, kinatafuta pa kuendelea. Alikuwa anajua barua inaishia hapa. Sasa anaona wino bado upo.

"Wifi? Mbona kuna mistari mingine?"

Weka kalamu chini, kikongwe. Nenda ukakae kando yake, uishike mwenyewe, umsomee wa tisa na wa kumi kwa sauti yako. Halafu mwambie ulichojibu. Usiruke.