Koleo la Bibi Tome

Osaka, 20 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nasikia huko kwetu Niigata theluji mwaka huu imefika madirishani, nami nakaa nikijiuliza nani anapanda paa kuiondoa. Najua ni wewe, na najua ukikatazwa utajibu kwamba paa halina mwenyewe mwingine. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, nakula vizuri, ingawa wali wa huku si wali wako.

Mama, kila ukiuliza kazi yangu nakwambia “kompyuta” ili tuyamalize. Leo nitakueleza. Nalinganisha nguvu za wapiganaji katika mchezo wa mashine. Wako kumi na sita, na kila mmoja lazima awe na njia ya kumshinda mwenzake, la sivyo watu watamchagua mmoja tu na waliobaki watakuwa mapambo. Basi napunguza hapa, naongeza pale, kwa vipande vya sekunde. Sekunde moja tunaikata mara sitini. Wachezaji wenyewe wana jedwali lao, kila pambano limegawiwa alama kumi. Tano kwa tano ni haki. Tatu kwa saba ni msiba.

Kati ya hao kumi na sita yumo kikongwe anayepigana kwa koleo la kuzolea theluji, anaitwa Bibi Tome. Yeye ni tatu kwa saba karibu kwa kila mtu. Mkuu wetu, Bwana Hirabara, alisema amemchoka: siku ya majaribio asiposhinda, toleo jipya halimtaki.

Siku hiyo tulipeleka mashine kwenye ukumbi ambako watu hulipia kucheza michezo kama hiyo, na kama desturi yetu tukajichanganya na watu, mikono mfukoni, bila kujitambulisha, maana ukijitambulisha husikii ukweli. Vijana wakawachagua wenye nguvu. Mmoja mwenye nywele za rangi ya chungwa alisema huyo bibi aachwe akapike. Watu wakacheka, nami nikajichekesha.

Ndipo akaketi Bwana Nagatsuka, fundi wa mikeka ya tatami, mtu wa miaka hamsini hivi, taulo shingoni, vidole vyote sugu. Akamchagua Bibi Tome. Kijana wa nywele alikuwa upande wa pili wa mashine, nikamsikia akicheka.

Mama, subira ile sijapata kuiona. Hakumkimbiza mtu. Alijua ncha ya koleo inafika wapi, hata upana wa ukucha, akasimama papo hapo na kungoja. Mwenzake akikosea mara moja tu, koleo liko kichwani. Kijana akashindwa, akarudia, akashindwa tena. Wakaja wengine. Saba wote walilala! Kufikia wa tano hakuna aliyecheka, na kufikia wa saba yule kijana alikuwa amezunguka, amesimama nyuma ya fundi, anaomba kwa adabu afundishwe.

“Kaa hapo,” fundi akamwambia, macho kwenye kioo. “Tazama miguu ya bibi, koleo liache.”

Bwana Hirabara akaninong’oneza kwamba bibi anabaki. Ningeweza kumkumbatia fundi yule.

Mwishoni huwa tunawapa wachezaji karatasi ya maoni. Yake niliipokea mimi. Alikuwa ameandika mstari mmoja: “Bibi haombi kuongezewa. Mrudishieni mlichomwibia.” Nikajifanya sielewi. Akanieleza kwa upole kwamba katika toleo la kwanza bibi alikuwa akiinua koleo upesi zaidi, kisha mtu akampunguzia vipande viwili vya sekunde. Yeye aliuhisi upungufu huo kwenye kiganja siku ya kwanza tu, miaka mitatu iliyopita. Ofisi nzima hakuna aliyewahi kuuona. Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Mama, mwizi ni mimi. Na Bibi Tome ni wewe. Mwendo ni wako, mkono kiunoni ni wako, na ile pumzi unayoishusha kabla ya kuinua koleo. Nilimtengeneza kwa mapenzi, kwa siri. Kisha ukaja ofisini bila taarifa, na viatu vyako vya mpira, gunia la mchele mgongoni. Mwenzangu akaniuliza kama wewe ni mama yangu. Nikasema ni jirani wa kijijini.

Ulisikia. Ukainama, ukasema, “Ndiyo, jirani tu. Nimetumwa kuleta mchele.” Ukaondoka hata chai hukunywa.

Wiki ile wenzangu wakaanza kusema yule bibi wa koleo anafanana na mtu waliyemwona, sijui wapi. Nikaona aibu. Nikampunguzia, ili asichaguliwe na mtu, asahaulike.

Jana nilimrudishia vipande vyote viwili, na mbele ya ofisi nzima nikasema jirani yule alikuwa nani. Bwana Hirabara akauliza kama ule mchele ulibaki.

Nisamehe, Mama. Jumamosi napanda treni. Paa liache lilivyo, na koleo liweke mlangoni. Nitapanda mimi, nawe usimame chini unicheke nilivyo mzito.

Nisalimie Bi Shigeko, ambaye ndiye jirani yetu wa kweli.

Mwanao,
Motoki